Amesamehewa, lakini hatoki leo: namna ya kufuatilia msamaha wa Rais

Siku ya Muungano, tarehe 26 Aprili, tulipika pilau ya kilo nne. Mwaka sitautaja, kwa sababu kaka yangu ana watoto shuleni na mji wetu ni mdogo. Redio ilikuwa imetangaza kwamba Rais amesamehe wafungwa, na mchana ule ule mtu wa ndani alitupigia simu kwamba jina la kaka limesomwa. Wifi yangu akasuka nywele haraka haraka, tukakodi Noah, tukatoka Muheza na sufuria imefungwa kitenge ili isipoe.

Tulisimama getini hadi saa kumi jioni. Walitoka wanaume kumi na mmoja, mmoja mmoja, na kila mara mlango mdogo ulipofunguka wifi alinyanyuka. Kaka hakuwamo. Afande wa getini, mzee mwenye sauti ya upole, akaniita pembeni: "Mama, ndugu yako kasamehewa kweli. Lakini hatoki leo."

Sikumwelewa. Kwangu mimi kusamehewa ilikuwa ni geti kufunguka. Pilau tuliila njiani kimya kimya, na miezi mitano iliyofuata nikawa mwanafunzi wa jambo hili bila kupenda. Baadaye nilipata mafunzo ya usaidizi wa kisheria, kazi inayotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na hadi leo watu hunijia kwenye meza yangu ya machungwa wakiuliza swali lile lile: tufanyeje ili ndugu yetu asamehewe? Haya ndiyo ninayowaambia.

Nawauliza kwanza: ndugu yako ni mfungwa au mahabusu? Swali hili huwaudhi, maana kwa aliye nje wote wako ndani tu. Lakini Ibara ya 45 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inampa Rais uwezo wa kumsamehe mtu aliyekwisha kupatikana na hatia mbele ya mahakama. Mahabusu bado hana hatia, kwa hiyo hana cha kusamehewa. Akitoka kabla ya hukumu, ametoka kwa dhamana, au Mkurugenzi wa Mashtaka ameiondoa kesi, au amekubaliana na upande wa mashtaka. Septemba 2019 Rais Magufuli aliposhauri watuhumiwa wa uhujumu uchumi wakiri na kurudisha fedha, mitaani kote tuliuita msamaha. Kisheria ulikuwa mlango mwingine kabisa, wa Mkurugenzi wa Mashtaka. Kama ndugu yako ni mahabusu, acha kusubiri sikukuu za taifa. Nenda kahangaikie dhamana yake au tarehe ya kesi.

Kama ni mfungwa, basi tuisome hiyo ibara pamoja, kwa sababu neno "msamaha" limebeba mambo manne. Rais anaweza kumsamehe mtu, kwa masharti au bila masharti. Anaweza kumwachilia asitumikie adhabu, moja kwa moja au kwa muda fulani. Anaweza kubadilisha adhabu iwe nyepesi zaidi, ambayo Katiba inaiita adhabu tahafifu. Ndivyo aliyehukumiwa kunyongwa anavyoweza kujikuta na kifungo cha maisha. Na anaweza kufuta adhabu yote au sehemu yake. Hiyo "sehemu yake" ndiyo iliyotuachia pilau mikononi. Watu wengi wanaotajwa kwenye matangazo ya sikukuu wamefutiwa sehemu tu.

Tazama takwimu zilizotangazwa. Desemba 9, 2017, pale Dodoma, Rais Magufuli alisamehe wafungwa 8,157. Waliotoka siku ile walikuwa 1,828. Waliobaki 6,329 walipunguziwa vifungo wakarudi kulala ndani. Aprili 26, 2021, Rais Samia alisamehe 5,001. Waliotoka ni 1,516, na 3,485 wakabaki kumalizia. Ukisikia idadi kubwa redioni, usikodi gari kabla hujajua ndugu yako yuko upande gani wa hesabu.

Na hesabu yenyewe unaweza kuifanya kwa peni na karatasi. Unahitaji vitu viwili: tarehe ya hukumu na urefu wa kifungo. Vyote viko kwenye nakala ya hukumu, ambayo unaiomba mahakama iliyohukumu. Usitegemee kumbukumbu za familia. Sisi tulishikilia tarehe aliyokamatwa, kumbe kifungo huanza kuhesabiwa siku ya hukumu, isipokuwa mahakama iseme vinginevyo. Miezi saba aliyokaa mahabusu sisi tulikuwa tumeshaitoa, gereza halijaitoa.

Kaka alihukumiwa miaka sita kwa wizi akiwa mtumishi. Mtaani walisema amekula mvua sita. Miaka sita ni miezi 72. Kifungu cha 49 cha Sheria ya Magereza kinampa mfungwa mwenye nidhamu punguzo la kawaida la theluthi moja. Hilo halitoki Ikulu, halisubiri sikukuu, na linaweza kupotea mfungwa akifanya kosa la nidhamu. Theluthi ya 72 ni 24, zinabaki 48. Sasa ndipo unapokuja msamaha. Katika matangazo ya miaka kadhaa sharti limekuwa kupunguziwa robo ya kifungo baada ya lile punguzo la theluthi, na mwaka wetu lilikuwa hilo. Robo ya 48 ni 12, zinabaki 36. Siku ile ya pilau kaka alikuwa ametimiza miezi 31. Alibakiza mitano. Hesabu ya darasa la tano, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameifanya.

Nilipoipeleka kwa afisa wa kumbukumbu gerezani, alivua miwani akaniangalia. "Nani kakufundisha?" Nikamwambia nimejifundisha. Akafungua daftari lake, akaipitia tarehe yangu na yake. Tulipishana siku mbili. Ya kwake ndiyo sahihi, maana ndiye anayejua kama kuna siku zilizokatwa. Fanya hesabu yako, lakini nenda ukaulize ya kwao, na uliza kwa adabu: "Afande, naomba kujua tarehe ya kutoka baada ya msamaha." Swali hilo lina jibu. "Atatoka lini jamani?" mara nyingi halina.

Usidhani robo ni sheria ya kudumu. Kila tangazo lina masharti yake. Mwaka 2019, Mwanza, waliosamehewa walikuwa 5,533, na mkazo ulikuwa kwa wenye vifungo vifupi na waliobakiza muda mfupi. Pia huwekwa tarehe ya ukomo: aliyeingia gerezani baada ya siku fulani hahusiki. Nimewaona watu waliokosa msamaha kwa sababu ndugu yao alihukumiwa majuma machache tu baada ya tarehe hiyo. Kwa hiyo tafuta taarifa kamili inayotolewa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, uisome mpaka chini, kwa sababu orodha ya wasiohusika huwa iko mwishoni.

Orodha hiyo ni ndefu. Kwa kawaida humo wamo waliohukumiwa kunyongwa na wenye vifungo vya maisha, makosa ya dawa za kulevya, rushwa, unyang'anyi wa kutumia silaha, kubaka na kulawiti, kuwapa mimba wanafunzi, wizi wa magari, nyara za serikali, na waliowahi kutoroka. Wamo pia walioko kwenye mpango wa Parole, yaani wa kutoka mapema kwa masharti na kumalizia kifungo nje. Mimi sijawahi kuelewa kwa nini mwizi wa gari anakaa orodha moja na mbakaji, lakini orodha sikuiandika mimi. Muhimu ni kosa lililoandikwa kwenye hukumu. Familia moja ya hapa kwetu ilikuwa inasema kijana wao "alipigana tu baa". Nilipoiona hukumu, ilisema unyang'anyi wa kutumia silaha. Niliwaambia ukweli palepale. Walikasirika, wakaondoka bila kununua hata chungwa.

Kuna makundi ambayo hupewa msamaha kwa hali zao: wagonjwa walio katika hali mbaya sana, wazee wa miaka 70 na kuendelea, wanawake walioingia wajawazito au na watoto wachanga, na wenye ulemavu mkubwa wa mwili au akili. Hapa ndipo ndugu wa nje wana kazi ya kufanya, na ndipo wengi wanapozembea.

Mgonjwa lazima athibitishwe na jopo la madaktari chini ya Mganga Mkuu wa Mkoa au Wilaya. Jopo haliwezi kuthibitisha ugonjwa ambao hauko kwenye karatasi. Kama ndugu yako alikuwa anatibiwa kabla ya kufungwa, kusanya kadi za kliniki, majibu ya vipimo, barua ya rufaa ya hospitali, toa nakala, upeleke kwa mkuu wa gereza na uombe zifike kwenye zahanati ya gereza. Fanya hivyo leo, usingoje Novemba. Majina hayaandikwi usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba. Magereza huandaa orodha mapema.

Umri nao una mitego. Namkumbuka mzee mmoja ambaye alipokamatwa alitaja miaka 58. Hakuwa akidanganya, hakujua tu. Alizaliwa shambani, mkonge ukivunwa, na cheti hakuna. Kila kitu gerezani kikaandikwa 58. Binti yake alipokuja kwangu tulitafuta kitambulisho cha taifa, kikasema miaka 71. Tukaandika barua fupi kwa mkuu wa gereza, tukaambatanisha nakala ya kitambulisho na hati ya kiapo ya dada yake mkubwa. Ukurasa mmoja tu. Bila huo, mzee angeendelea kuwa kijana wa miaka 58 kwenye kila orodha.

Tuje kwenye barua ya kuomba msamaha kwa jina, kwa mtu ambaye makundi hayamgusi. Uwezo wa Rais ni mpana kuliko makundi ya sikukuu, na hakuna mfano unaojulikana kuliko ule wa Desemba 2017, Rais Magufuli alipowasamehe wanamuziki Nguza Viking, yaani Babu Seya, na mwanawe Papii Kocha. Walikuwa na kifungo cha maisha tangu mwaka 2004 kwa makosa ya ubakaji na ulawiti wa watoto wa shule, makosa yanayokaa kwenye ile orodha ya wasiohusika. Siku hiyo hiyo walisamehewa pia wafungwa 61 waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa. Nchi iligawanyika. Wengine walicheza barabarani, wengine waliuliza wale watoto wamepewa nini.

Nautaja mfano huo kwa sababu nyingine. Machi 2018, wakiwa tayari huru, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilitoa hukumu kwamba baadhi ya haki zao katika uendeshaji wa kesi zilikuwa zimekiukwa. Msamaha haukuwa umelijibu swali hilo. Kesi na msamaha ni njia mbili. Rufaa inasema: mahakama ilikosea. Msamaha unasema: nimehukumiwa, nimeadhibika, nihurumieni. Ukizichanganya kwenye barua moja, hutaeleweka kokote. Kama ndugu yako ana hoja ya rufaa, amalizane na rufaa. Humo ndimo hatia inamoweza kufutwa. Msamaha unagusa adhabu, hausemi hakutenda.

Barua yenyewe huandikwa na mfungwa, na hupitia kwa mkuu wa gereza ili ipande juu hadi kwa wanaomshauri Rais. Familia mnaweza kuandika yenu pia, lakini ipitie njia hiyo hiyo ili ikutane na jalada lake. Iwe fupi. Sentensi za kwanza zitaje jina kama lilivyo kwenye hukumu, namba ya mfungwa, namba ya kesi, mahakama, kosa, kifungo na tarehe. Kisha eleza kilichobadilika tangu ahukumiwe: ugonjwa, kifo cha mke aliyekuwa akilea watoto, ufundi aliojifunza, miaka bila kosa la nidhamu. Barua nyingi ninazoletewa zimejaa Mungu, machozi na sifa za Rais, halafu namba ya kesi hakuna. Nazikata bila huruma. Ambatanisha nakala ya hukumu, na barua ya serikali ya mtaa au kijiji ikisema atapokelewa wapi, na nani, na atafanya kazi gani. Kama aliyetendewa kosa yuko tayari kuandika kwamba amesamehe, barua yake ina uzito kuliko yangu na yako. Msimlazimishe. Nimewahi kukataa kuandika kwa niaba ya familia iliyokuwa inamfuata mjane nyumbani kwake kila Ijumaa.

Halafu mngoje. Naomba nisikudanganye kuhusu muda.

Katika kungoja huko ndiko nilikoliwa mimi. Kabla ya ile siku ya pilau alinipigia mwanaume mwenye sauti ya kiofisi, akanitajia jina la kaka, namba yake na kosa lake. Akasema anashughulika na orodha, nafasi ziko mbili, na "wakubwa" wanahitaji chochote. Nilituma laki tatu na ya kutolea. Kesho yake namba haikupatikana. Kilichoniponza ni ile namba ya mfungwa. Niliamini anayeijua lazima awe ndani ya jambo, kumbe namba hiyo ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nene juu ya kila kifurushi nilichokuwa nikipeleka, na foleni ya getini ina macho. Msamaha wa Rais hauna ada, si ya fomu wala ya faili. Akikupigia mtu anayejiita mtumishi wa serikali na kutaka fedha, piga 113, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, haipunguzi salio. Na vifurushi vyako andika namba kwa kalamu nyembamba.

Wa Zanzibar wanijiao hapa huwaambia jambo jingine. Aliyehukumiwa huko yuko Chuo cha Mafunzo, ndivyo gereza linavyoitwa kwao, na mfungwa huitwa mwanafunzi. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inampa Rais wa Zanzibar uwezo wake wa kusamehe, na sikukuu wanayoitazama zaidi ni Mapinduzi, tarehe 12 Januari.

Na kwa kuwa mpaka wa Horohoro hauko mbali, huja pia wa kutoka Mombasa na Kwale. Wao nawaonea wivu kidogo. Ibara ya 133 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema Rais hutumia uwezo huo kwa ombi la mtu yeyote, kwa kufuata ushauri wa kamati maalum ambayo ndani yake yumo Mwanasheria Mkuu, na iko Sheria ya mwaka 2011 inayoeleza kamati ipime nini: umri, uzito wa kosa, muda aliotumikia, mwenendo wake gerezani. Kamati inaweza pia kusikiliza waliotendewa kosa. Huko nako kuna msamaha wa jumla: Oktoba 2016 Rais Uhuru Kenyatta aliwabadilishia wafungwa 2,747 adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Hawakutoka hata mmoja kwa sababu ya karatasi hiyo. Waliondolewa kitanzi, wakaachiwa kifungo.

Siku ya kutoka ikifika, chukueni karatasi ya kuachiliwa, muitoe nakala tatu, na ile halisi msimpe mtu. Mkoani kwetu kijana aliwahi kukamatwa tena kwa madai ya kutoroka, na hakuwa na cha kuonyesha. Kama msamaha wake una masharti, yasomeni naye kwa sauti, mara mbili. Kama aliyetendewa kosa ana hukumu ya madai dhidi yake, deni hilo bado lipo, Rais hakulilipa. Na asishangae akiomba hati ya tabia njema polisi na hukumu yake ikaonekana, rekodi haikufutwa. Kaka alikosa kazi ya ulinzi kwa sababu hiyo. Sasa anatengeneza baiskeli, kazi aliyojifunza humo humo.

Alitoka Septemba, asubuhi ya Alhamisi, tarehe ile ile aliyoniambia afisa wa kumbukumbu. Safari hii sikukodi Noah wala sikumwambia mtu zaidi ya wifi. Tulikwenda na basi la saa kumi na mbili, tukiwa na shati jipya na nauli. Mlango mdogo ukafunguka, akatoka na mfuko wa rambo mkononi, akatuangalia, akaangalia nyuma yetu, akatuangalia tena.

"Mbona hamkupika?"